Ushindi wa Mpishi Juu ya Kijiko Chake

Sogezeni viti, enyi mlioshiba nanyi mlio na njaa, zimeni redio, waambieni watoto wakacheze nje, kwa maana inasimuliwa hapa habari nzito kuliko vita vya wafalme: habari ya mwanamume mmoja mwembamba, mpishi wa kantini ya kiwanda cha magodoro, Simba wa Jikoni, Bwana wa Masufuria Sita, ambaye asubuhi moja, mbele ya supu iliyokuwa ikichemka, hakuonja.

Msicheke. Hakuonja hata kidogo.

Jueni kwamba shujaa huyu alikuwa ametawala jiko lile miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo haikupata kutoka sufuria kwenda mezani pasipo kupitia kwanza ulimini mwake. Kijiko chake cha kuonjea, chenye mpini uliopinda, kilikaa mfukoni kifuani pake kama nishani ya jemadari. Chumvi hakumwamini nayo mtu yeyote. Wafanyakazi walipomaliza supu yake walikuwa wakiukimbilia mtungi wa maji, glasi mbili mbili, naye akisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiihesabu kiu yao kuwa ndiyo sifa yake.

Lakini adui alikuwa amekwisha kuingia ngomeni. Ugonjwa wa sukari alikuwa nao mwaka wa saba, wakazoeana kama majirani wasiopendana. Ila muuguzi wa kliniki, mama asiyejua kupamba maneno, akamletea habari za adui wa pili.

"Sukari haitembei peke yake, baba," alimwambia. "Ikikaa mwilini inavuruga na mafuta ya kwenye damu. Mabaya yanapanda, mazuri yanashuka, mishipa inaanza kuziba. Na hayaumi. Utakaa hivyo hivyo huna hili wala lile, mpaka siku yakuangushe."

"Ewe muuguzi," akanena shujaa, akifunua shati na kuonyesha mbavu zilizohesabika, "kitazame kiwiliwili hiki! Mafuta yangepata wapi hapa pa kulaza kichwa?"

"Kwenye damu. Hayaulizi mtu ana kiuno gani."

Hapo akamkumbuka kaka yake mkubwa. Kaka naye alikuwa mwembamba, naye alikuwa na sukari, naye aliwacheka wanene kwamba mafuta ni shida yao. Kisha akiwa na miaka hamsini na mitatu akaanguka akifunga kamba za kiatu, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia umelala mapajani kama umeazimwa kwa mtu. Shujaa wetu alikuwa akitimiza hamsini na mitatu mwezi ule ule. Aliogopa. Tunasema wazi, kwa kuwa tarikhi haifichi kitu: aliogopa mno.

Mara mbili akatoka kwenda vitani, na mara mbili akarudi ameshindwa. Kipimo chenyewe cha mafuta ya kwenye damu kilitaka mtu akae saa kumi na mbili bila kutia kitu mdomoni ila maji. Mara ya kwanza akaapa kwamba hajala, na kwa akili yake alisema kweli, maana vijiko vinane vya supu ya alfajiri kwake havikuwa chakula, vilikuwa kazi. Damu yake ilipotulia kwenye kichupa ikajitenga, na juu pakatanda weupe kama maziwa. Muuguzi akakiinua kichupa dirishani.

"Baba, hii ni damu au ni supu?"

Mara ya pili ikawa vivyo hivyo, safari hiyo ni mchuzi.

"Sijui mafuta yako ni yapi na ya sufuria ni yapi," muuguzi akasema, naye amechoka. "Daktari hawezi kukuandikia dawa kwa kubahatisha. Rudi Alhamisi saa tatu asubuhi. Vidonge vya sukari vya asubuhi njoo navyo, utavimeza ukishakula. Ukiona unatetemeka, kula hapo hapo, kipimo tutakiacha. Lakini ukija umeonja tena, mimi na wewe tutakosana."

Ikafika Alhamisi. Mkewe akamwuliza mbona asiombe ruhusa siku moja tu.

"Mke wangu, ua la nyumba hii," akajibu kwa sauti ya kupanda minara, "nikiondoka jikoni, ni nani chini ya jua atakayeishika chumvi?"

 Mkewe akamvika barakoa nene aliyoishona kwa kitambaa cha pazia, yenye maua ya zambarau, akaikaza masikioni.

"Wewe nakupenda," akasema. "Ulimi wako siuamini hata kidogo."

Basi shujaa akaingia jikoni amevaa dirii ile ya maua, tumbo likinguruma, na supu ya mifupa ikaanza kumchokoza. Ilichemka, ikatoa povu, ikatoa harufu. Mate yakamjaa, akayameza, akajiuliza kama mate nayo huhesabiwa. Saa moja na nusu ikawadia, saa ya kuonja. Ndipo mkono wake, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, bila kumwuliza mtu, ukachomoa kijiko, ukachota, ukakipunga hewani kipoe, ukapanda hadi kwenye midomo iliyofunikwa.

Kijiko kikagonga pazia. Supu ikalowesha maua ya zambarau, na tone moja, moja tu, likapenya ngome likakaa juu ya mdomo wake.  Nyuma ya meno, ulimi ukaamka ukajinyoosha. Shujaa akauona mkono wa kaka yake ulivyolala mapajani. Akaing'oa barakoa, akajifuta kwa kiwiko, akajifuta kwa aproni, akamalizia kwa kitambaa cha vyombo hadi mdomo ukawa mwekundu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyedhani angelifanya.

Pale jikoni palikuwa na msaidizi wake, mama mmoja aliyeitwa Shangazi na kiwanda kizima, aliyekata vitunguu kando yake miaka kumi na minne bila kuruhusiwa kutia punje moja ya chumvi.

"Shangazi!" akanguruma. "Mwenzangu wa moshi na machozi ya vitunguu! Leo nakukabidhi kijiko hiki, ambacho hakijagusa kinywa kingine tangu jiko hili liwashwe. Kipokee, uwe ulimi wangu!"

"Kioshe kwanza," akasema Shangazi.

Akakiosha. Shangazi akachota, akaonja, akatazama dari kidogo.

"Chumvi imezidi."

"Leo?"

"Tangu nije hapa. Na mafuta, kaka, unatuogesha mafuta."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Uliniuliza lini?"

Jeraha lile lilimwingia kuliko sindano yoyote. Akavua aproni, akaitundika. "Basi fanya unavyoona," akasema, safari hii kwa sauti ya mtu wa kawaida, na akatoka jikoni supu ikiwa bado motoni. Nyuma yake Shangazi alikwisha shika upawa, akiengua mafuta na kuongeza maji.

Kliniki, muuguzi akamkazia macho. "Umeonja?"

"Naapa kwa masufuria yangu sita, na kwa moto ulioyaunguza..."

"Baba. Ndiyo au hapana."

"Hapana."

Muuguzi akatia alama ya vema mbele ya neno "hajala", akatoa damu. Shujaa akala mkate wake na kumeza vidonge vyake barazani, akangoja. Majibu yalipotoka, mabaya yalikuwa juu na mazuri yalikuwa chini, nayo yalikuwa yake halali, hakuna hata tone la sufuria. Daktari akamwandikia kidonge cha kila jioni. Alitoka nje akampigia kaka yake simu.

"Kaka, nimepimwa. Ninayo. Nimepewa dawa."

Kaka alikawia, maana maneno siku hizi humtoka kwa taabu.

"Umewahi," akasema. Mpishi akalia pale pale kwenye ngazi za kliniki, wala hakujali nani anamtazama.

Iandikwe basi, isomwe na watakaozaliwa, kwamba siku ile Bwana wa Masufuria Sita alirudi kiwandani saa ya chakula akiwa mshindi, akasimama mlangoni pake, mikono kiunoni, akingoja watu waukimbilie mtungi. Walikula wakamaliza. Mmoja akakomba bakuli kwa mkate, akauliza ni nani aliyepika leo.

Shujaa akaiondoa mikono kiunoni. "Shangazi," akasema.

Na mtungi wa maji ulibaki umejaa.