Mkuu wa Sanduku la Dharura

Jumatatu, 6 Aprili

Daktari ameniharibia maisha. Kanipima presha, kanipandisha kwenye mizani, kisha akamtazama mke wangu badala ya kunitazama mimi. Dalili mbaya hiyo. Akasema chumvi nipunguze, sukari nipunguze, vya kukaanga nivisahau kabisa. Mke wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeisubiri siku hii tangu harusi.

Chakula cha jioni: maharage ya kuchemsha, majani, tango. Nikauliza tango linasindikiza nini. Nikaambiwa halisindikizi kitu, lenyewe ndilo mgeni. Binti yangu akatafuna lake, ananitazama kama aliyekuja kuona mgonjwa wodini.

Bakuli la sukari limetoroshwa. Nimelitafuta nyuma ya jokofu, chini ya kapu la nguo, ndani ya buti la mvua. Halipo. Mtu mzima, msimamizi wa bohari nzima, na chai bila sukari!

Jumanne, 7 Aprili

Sijatulia siku nzima. Kazini nimepanga upya maboksi ya sabuni mpaka yakaanza kuninukia kama keki. Nimekwenda dirishani, nimerudi, nimekwenda tena. Mlinzi akauliza kama nasubiri mgeni. Nikasema nasubiri mauti.

Jioni, mezani, redio ikasema mvua kubwa zinakuja. Kila nyumba iweke akiba ya dharura: maji, tochi, dawa, na chakula kisichooza haraka.

Nikaacha kutafuna. Kisichooza haraka! Tango linaoza. Majani yanaoza. Kisichooza ni nini? Biskuti! Jamu! Nyama ya kopo! Maziwa mazito ya kopo, yale matamu! Na si mimi niliyesema. Redio imesema!

Nikasimama palepale nikajitangaza Mkuu wa Dharura wa nyumba hii. Nikasema kuhifadhi ndiyo kazi yangu, na akiba haimwozei mtu. Mke wangu akaweka kijiko chini. Machozi yakamlengalenga. Akasema ni mara ya kwanza kuona nimewaza jambo la nyumbani kabla hajaniambia.

Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Jumatano, 8 Aprili

Sanduku la bati ambalo mke wangu alikwenda nalo shule ya bweni sasa ni Sanduku la Dharura. Liko stoo. Nimelijaza mwenyewe, limetuna kama tajiri. Kufuli kubwa. Ufunguo uko shingoni mwangu, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Binti yangu akasema fisi kapewa ulinzi wa bucha. Sijui watoto wanafundishwa nini siku hizi.

Kisha akaja shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Zamani alikuwa zimamoto, sasa anafundisha huduma ya kwanza, na filimbi yake haitoki shingoni hata msibani. Mimi humwita Filimbi. Si mbele yake. Akachungulia sandukuni, akaguna. Akauliza maharage yako wapi. Nikamwambia mtu aliyezingirwa na maji hana muda wa kupembua maharage, anahitaji nguvu. Akasema kwa nguvu hizi meno ndiyo yatakayotangulia kuhama. Mke wangu akacheka! Kwa kichekesho kile!

Lakini mlangoni, bila kujua, akatamka neno la maana. Akiba isiyokaguliwa si akiba, alisema. Ikaguliwe mara kwa mara.

Shemeji, umenena.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimekagua biskuti kabla ya kwenda kazini. Ziko salama. Nimerudi mapema, nimezikagua tena. Jamu nimeikagua kwa kijiko. Maziwa ya kopo yana utata wake: huwezi kujua kama yameharibika bila kuyafungua, na ukishayafungua huwezi kuyaacha, yataharibika. Nimelijadili jambo hili stoo, peke yangu. Tumekubaliana.

Ijumaa, 10 Aprili

Tatizo la uzito. Sanduku limekuwa jepesi, mimi nimekuwa mzito.

Sanduku si kazi kwa mtu wa bohari. Makopo matupu nimeyatia kokoto, nikayasimamisha mdomo chini. Pakiti za biskuti nimezijaza vipande vya vigae vilivyobaki tulipojenga bafu, nikazibandika kwa gundi. Penye nafasi nimetia mawe, nikayaviringishia magazeti yasigongane. Kazi safi! Ukitazama kwa juu, ni shibe ya ukoo mzima.

Mimi ndiye mgumu kurekebishwa. Mke wangu kaazima mizani kwa muuguzi wa zahanati. Nikapanda. Mshale ukapita pale ulipoishia kwa daktari, ukaendelea na safari. Akaitikisa mizani. Akapanda mwenyewe: yeye kapungua. Akanishika mashavu, akaniminya miguu kama anayechagua parachichi, akauliza nimeanza kuvimba lini. Kasema huenda ni figo. Sauti ilimtetemeka. Jumatatu tunarudi hospitali, na mpaka hapo hata tango langu litakatwa nusu, maana tango lina maji.

Nilitaka kumwambia kitu. Kikafika kooni kabisa. Nikakisukuma chini kwa biskuti ya mwisho.

Jumamosi, 11 Aprili

Nilikuwa nanyoa ndevu, upande mmoja umekwisha, mwingine una povu, mara filimbi ikalia mlangoni kwangu. Zoezi la ghafla! Shemeji akatangaza kuwa nyumba imezingirwa na maji, kila mtu atoke, na Mkuu wa Dharura atoke na sanduku.

Peke yangu lilinishinda. Tukalibeba wawili, mimi na binti yangu. Magazeti hayakusaidia kitu, lilinguruma kama lori la kokoto. Filimbi akasimama katikati ya ua. Akauliza biskuti zimeanza lini kulia hivyo. Nikasema zimekauka vizuri. Akataka ufunguo. Nikashika tumbo, nikasema choo kwanza.

Nikavuta maji. Ufunguo ukaenda zake.

Nimewaambia kamba ilikatika nikiwa nimeinama. Filimbi akanitazama, povu likinikaukia shavuni. Akasema kesho atakuja na mkasi wa chuma.

Hata hivyo, nimeshinda! Ila nimekumbuka jambo. Kopo moja la maziwa, zima, halijaguswa, limo humo humo. Nimechokoa kufuli kwa pini, kwa uma, kwa mpini wa mswaki wa binti yangu. Kimya. Jioni nzima nimekwenda stoo na kurudi. Naingia, natazama, natoka, naingia. Mke wangu kamwambia ndugu yake kwa simu kwamba hali yangu inazidi: sasa hata kukaa siwezi.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua ilianza asubuhi, na hii haikuwa zoezi. Kufika adhuhuri mfereji wa bondeni umefurika, barabara imekuwa mto. Nyumba yetu iko mlimani kidogo, ndiyo iliyosalimika. Filimbi alikwisha kufika na mkasi wake wa chuma na kamba. Akawavusha watu wa bondeni mmoja mmoja: fundi cherehani aliye jirani yetu, wanawe, na baba yake mzee, huyu kwa mgongo. Wote wakajaa sebuleni kwetu, wanachuruzika. Umeme umekatika. Gesi imekwisha tangu asubuhi. Hakuna cha kupikia.

Mimi nilikuwa nazunguka nikitoa amri. Sikumbuki aliyezisikia.

Mtoto mdogo wa fundi akaanza kulia njaa. Mke wangu akapiga makofi, uso unamng'aa.

"Msihangaike. Mume wangu ametuwekea akiba ya siku kama hii. Kaka, lete sanduku."

Nikasema tusiharakishe, dharura yenyewe bado changa. Kufuli likakatika nikiwa bado nasema.

Mke wangu alilifungua mwenyewe. Akachukua pakiti ya biskuti, akachuchumaa mbele ya mtoto, akaichana. Kigae kikaanguka sakafuni. Akatoa kopo. Kokoto. Akafungua gazeti. Jiwe. Sikuogopa alivyoyatoa, niliogopa alivyoyapanga, moja baada ya jingine, taratibu, kama anayetandika meza. Yule mzee akauliza, kwa heshima kabisa, kama haya hulowekwa kwanza.

"Ulikuwa unakula," mke wangu akasema.

"Nilikuwa nakagua."

"Mimi na mwanao tumekula matango wiki nzima. Sisi hatuna presha. Tulikula ili usijione umetengwa." Akafuta mikono kwenye kanga yake, ingawa haikuwa na kitu. "Na mimi silali, najua figo zako zimekufa."

Filimbi hakutabasamu hata kidogo. Bora angecheka.

Kopo langu la maziwa likapatikana chini kabisa. Likachanganywa na maji, wakanywa watoto. Binti yangu akaleta matango yote na karanga alizokuwa amejiwekea chumbani, akawagawia watu. Yule mdogo alilitafuna tango lake mpaka maganda, akaomba jingine.

Mimi nikachukua mawe yangu, nikatoka. Langoni tope lilifika magotini na watu wangepita hapo kurudi makwao. Nikayapanga juu ya tope lote, mawe, vigae, hata kokoto. Hakuna aliyenituma. Mvua ilikuwa inanipiga usoni, kwa hiyo kama kulikuwa na maji mengine, hakuna atakayejua.

Jumatatu, 13 Aprili

Maji yameshuka. Watu wa bondeni wamerudi kufagia tope, wakikanyaga mawe yangu. Mzee akasimama juu ya moja, imara, akauliza ni nani mwenye akili aliyeyaweka. Nikainua mkono.

Nimelifikiria sana. Kama sandukuni kungekuwa na biskuti, mawe yangetoka wapi? Nikamweleza mke wangu hoja hii. Mlango wa jikoni ukafungwa nikiwa kwenye "kwa hiyo".

Hospitali: figo nzima kabisa. Daktari akauliza nimekuwa nikila nini. Mke wangu akajibu kwa niaba yangu, kwa kirefu, hakusahau hata jamu. Tulipofika langoni kwetu ndipo akasema yeye hataki maneno, ataangalia vitendo.

Nikaapa kubadilika. Nilimaanisha kila neno.

Jumanne, 14 Aprili

Sanduku limejazwa upya: maji, mbegu za maboga, karanga, maharage yaliyokwisha kuiva ya kopo. Mkuu mpya ni Filimbi, ufunguo kakabidhiwa binti yangu. Ni haki. Sina kinyongo.

Filimbi atafanya darasa la huduma ya kwanza sebuleni kwetu Jumamosi. Baada ya mafuriko bonde zima limejiandikisha. Anatafuta watu wa kuigiza wagonjwa. Yuko wa kuvunjika mguu, yuko wa kuungua, na yuko aliyeishiwa sukari mwilini. Huyo wa mwisho hutetemeka, hulegea, na dawa yake ni kitu kitamu, upesi.

Nikauliza kitamu kama nini. Akasema chai yenye sukari nyingi. Asali. Hata peremende. Nikauliza kama kila mwanafunzi atapata nafasi ya kumhudumia mgonjwa. Akasema kila mmoja, kwa zamu, mpaka waelewe.

Nimejitolea! Nimesema ni wajibu wangu kwa majirani. Mke wangu akaniwekea mkono begani, wa kwanza tangu Jumapili, akasema kumbe mvua imenifunza. Filimbi akanipa mkono wake, mwanamume kwa mwanamume.

Ila kanionya. Aliyezimia kabisa hapewi kitu mdomoni, atapaliwa. Mgonjwa lazima awe amelegea lakini anaweza kumeza. Jambo la kitaalamu hilo, haliendewi kichwa kichwa. Kwa hiyo nimejifungia chumbani tangu saa kumi, nafanya mazoezi mbele ya kioo. Kutetemeka naweza. Kulegea naweza, hasa nikianguka kwa upande wa kushoto. Kinachoniangusha ni mdomo: kila nikifikia kwenye asali, unacheka.