Milola Hatuchomi Mkaa

Jumatatu, 16 Juni

...na dada Devota, mkufunzi wetu, akanigeukia mie, akauliza nimesomea nini. Nikasema misitu. Si uongo, utoto wangu wote umeishia huko. Akaandika!

Semina hii ya Lindi mjini, kasema, ni ya vijana wataalamu, tujue kuwashawishi wakubwa watunge sera nzuri za mazingira. Shida yangu mie ndogo tu: nisikie doria ya misitu itapita wapi. Tanuri langu la mkaa liko porini Milola, linafuka. Hilo ndilo litanunua bati za nyumba ya mama. Aliyealikwa, mwenye diploma kijijini, alisafiri, mtendaji akatafuta wa kuziba pengo, nikanyoosha mkono. Mara ya kwanza tangu darasa la nne!

Pilau nzuri. Doria hawajaitaja.

Jumanne, 17 Juni

Kuna bwana mmoja wa Dar, Boniface. Anaongea kama redio isiyo na swichi. Mie nanyamaza, naitika kwa kichwa. Kumbe hapa ukinyamaza wanadhani unawaza!

Leo mchezo wa kumshawishi waziri. Waziri awe nani? Wote: Ismael, yule haongei. Nikakalishwa mbele. Boniface akaeleza mkaa unavyomaliza misitu. Kimya. Akaongeza takwimu. Kimya. Jasho likamtoka, akaniita mheshimiwa, akanisogezea maji. Dada Devota kacheka, kasema wakubwa ndivyo walivyo.

Kiti kikanipanda kichwani. Nikatoa tamko: doria ipelekwe Kiranjeranje. Milola hatuchomi mkaa, hata gunia moja!

Makofi. Nimejiokoa.

Jumatano, 18 Juni

Nimejimaliza. Dada Devota kasema kijiji kisichochoma mkaa ni cha kuigwa. Ijumaa tunakwenda Milola wote, tukajifunze!

Nikampigia binamu Hussen, mlinzi wa tanuri. Nikamwambia auzime ule moshi. Akauliza kama nina homa. Tanuri likifunguliwa halijaiva, majivu matupu. Kweli.

Nikawaza mpaka chai ikapoa. Nikapata! Shule zimefungwa, watu wamevuna. Moshi porini, msimu huu? Jando! Mgeni hapiti, mwanamke ndio kabisa. Nikamwambia Hussen alaze matawi njiani, apige debe na kuimba zile nyimbo. Akasema nyimbo kazisahau. Basi apige debe tu.

Ijumaa, 20 Juni

Mwanzo raha. Gari likasimama. Matawi yale, moshi ule, debe lile. Nikanong'ona: jando. Dada Devota akainamisha kichwa kwa heshima, akasema turudi. Hata Boniface akafunga mdomo! Nikaanza kuziona bati.

Kumbe debe limesikika kijiji kizima. Akaja mzee Suleiman, ngariba wetu, mkoba begani. Nyuma yake kina mama na masufuria ya wali. Shikamoo yangu ikapita hewani. Anataka kujua nani kafungua jando Milola bila yeye, na amewatahiri watoto wa nani. Kina mama wakaanza kuita majina ya wana wao. Mzee akaingia porini. Debe likakatika.

Akatoka kamshika Hussen sikio, masizi mpaka kwenye nyusi. Kasema jando kaliona: watoto hamna, magogo yamo. Kina mama walicheka, masufuria yakayumba vichwani. Mmoja akauliza gogo gani limelia kidogo kuliko mengine. Mtendaji, naye kalifuata debe, akaamuru tanuri livunjwe. Majivu. Bati zangu zote, majivu.

Boniface kapiga picha. Dada Devota akaniuliza polepole, kaka Ismael, hii ndio misitu uliyosomea? Nikanyamaza. Safari hii hakuna aliyedhani nawaza.

Jumamosi, 21 Juni

Wazee wamekaa. Mzee Suleiman kasema jando likishatangazwa haliachwi. Kwa kuwa wanafunzi hawajaonekana, basi wanafunzi ni sisi. Mie na Hussen, wiki nzima porini, tukafundwe upya. Ya kukatwa yalishakatwa, kasema, yamebaki masikio. Mama alicheka huku anafuta machozi, akauliza na mvua zikija alale wapi.

Inabidi niondoke sasa. Mzee yuko mlangoni, anagonga fimbo, anasema mwanafunzi hachelewi. Nimekunja shuka, ndani yake nimeficha shoka. Wiki nzima! Wapita njia hamna, moshi hauna wa kuuliza, mzee mwenyewe analala mchana. Doria gani itakanyaga jandoni?