Malalamiko Rasmi Dhidi ya Mvi za Pacha Wangu

Kwa Dada Pacha,
Mkunga Mkuu, Kituo cha Afya.

YAH: MVI ZAKO NA MADHARA YAKE KWANGU

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwanza, maana hasira hainiondolei adabu. Huku nyumbani mume wangu ni mzima, watoto ni wazima, paka ni mzima. Asiye mzima ni mimi, na sababu ni kichwa chako.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua yenye kichwa cha habari ilhali simu ninayo. Simu nimeijaribu. Kila nikianza, unacheka, na kicheko chako ndicho changu, basi nami najikuta nacheka na tunaishia kuzungumzia magoti. Katika barua huwezi kunichekesha. Isitoshe, mimi ni katibu muhtasi. Nimewaandikia wakubwa barua zao maisha yangu yote, na najua jambo likishapewa namba watu hulichukulia kwa uzito.

Kwa faida ya watakaopata nakala, nitaje historia kwa ufupi. Tulizaliwa asubuhi moja, wewe ukitangulia. Tangu hapo tumekwenda sawasawa: surua tuliugua pamoja, pengo la meno tunalo wote, hata miwani tuliandikiwa ya namba moja. Mvi nazo zilitujia pamoja. Ulinipigia simu ukauliza, "Umeona?" Nikakujibu, "Nimeona." Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwa msusi, viti jirani, tumepakwa rangi na kuvikwa mifuko ya plastiki kichwani kama masufuria mawili yaliyofunikwa. Tukaendelea hivyo miaka na miaka. Mimi nilidhani ni ndoa.

Mwanzoni mwa mwaka huu hukutokea. Nikakupigia.

"Nimeacha," ukasema.

"Umeacha nini?"

"Kupaka. Nimechoka tu."

Ukakata simu, ukaenda kuzalisha watu. Hukuniuliza, hukuitisha kikao. Ule uso ni wetu wawili, dada, na wewe ukautolea uamuzi peke yako. Yaliyofuata ni haya.

1. Kuhusu kazi yangu. Unakumbuka siku uliyoniletea funguo ofisini. Mlinzi wa mlangoni alinipigia simu ghorofani akasema kwa upole, "Dada, mama yako mzazi amefika, yuko hapa chini." Nikashuka ngazi mbio, viatu mkononi, nikijiuliza Mama amesafiri na nani na kuna msiba gani. Nikakuta ni wewe, umekaa kwenye kiti cha wageni, kichwa kimechanua kama umemwagiwa unga. Ungenyamaza, ningeyamaliza. Lakini ukasimama ukamwambia mlinzi, tena mbele ya mhasibu na watu wa masjala, "Mimi siyo mama yake, baba. Mimi ni pacha wake."

Dada yangu! Niliona watu wanapiga hesabu machoni. Pale ofisini sijawahi kumdanganya mtu. Nikiulizwa umri nasema "arobaini na kitu," na hicho kitu sijawahi kuombwa nikieleze. Ni kikubwa kidogo, lakini ni kitu. Sasa afisa utumishi ananitazama kama mtu anayelitazama gari lililorudishwa nyuma kilomita zake. Wiki ile ile akaniletea kijitabu kiitwacho "Jiandae Mapema kwa Kustaafu." Alikiweka mezani kwangu akaondoka kwa kunyata, kama anayeacha maua kwa mgonjwa.

2. Kuhusu heshima. Tulipokwenda pamoja kupimwa macho, chumba kilikuwa kimejaa. Kijana mmoja alipokuona tu akaruka: "Shikamoo mama, karibu ukae." Kisha akanigeukia mimi: "Mambo, dada?" Sikatai, lile "mambo" lilinipendeza. Lilinipendeza kwa muda mfupi sana, hadi miguu ilipoanza kuwaka. Wewe umekaa, umekunja mikono, unaitikia marahaba huku na huku kama malkia, na mimi nimesimama kwa magoti yale yale uliyo nayo wewe. Ningedai kiti vipi bila kujitangaza?

Halafu yule kijana akasema, "Dada, msaidie mama mkoba." Nikaubeba mkoba wako. Tulipofika kwenye ngazi akasema tena, "Mshike vizuri, asije akateleza." Nikakushika. Na wewe, mtu mzima na akili zako, ukajilegeza makusudi ukaniegemea na uzito wako wote. Usikatae. Nilizihisi mbavu zako zikitikisika kwa kicheko kila tulipopanda ngazi moja.

3. Kuhusu ndoa yangu. Mume wangu ni mtu ambaye nilibadilisha mapazia ya sebuleni, akakaa nayo mwaka mzima, kisha siku moja akauliza kama yale ya zamani yamefuliwa. Mtu huyo huyo, ulipotutembelea ukaondoka, aliacha kutafuna akasema, "Shemeji amependeza."

Nikamwuliza amependeza nini.

"Sijui. Kama mtu aliyelala vizuri."

Akala kidogo, akaniangalia utosini, akauliza, "Kwani zako huko chini ya rangi zikoje?"

"Nyeusi," nikasema.

"Aa," akasema. Unaijua ile "aa" ya kwake. Kisha akasema foronya zetu, zenye madoa ya rangi yangu, amekuwa akidhani zina kutu. Miaka yote hiyo, dada, nimelala na mtu anayedhani mto wangu una kutu, na hakusema neno kwa kuogopa kuniudhi. Sasa ameanza kunihurumia. Ananikatia matunda.

4. Kuhusu afya na ukweli. Ulipoacha kupaka, ilinibidi nipake kwa niaba yetu sote. Kadiri wewe ulivyozidi kuwa mweupe, ndivyo mimi nilivyozidi kuwa mweusi, ili watu wakituona wasitufananishe. Msusi alinionya: "Dada, ngozi hii itagoma." Nikamkwepa, nikaanza kujipaka mwenyewe bafuni. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kisogo changu sijawahi kukiona. Sikuzote Jumamosi msusi akizidiwa na wateja ulikuwa unanipaka wewe nyuma na mimi nakupaka wewe. Nilijipaka kwa kubahatisha. Rangi ikaenda kila mahali isipokuwa nilipokusudia, na sikio la kushoto likabaki jeusi tii.

Nililisugua kwa sabuni, kwa limau, kwa dawa ya meno. Asubuhi, katikati ya kikao, Mkurugenzi aliacha kusoma taarifa akaniuliza mbele ya wote, "Mama, sikio limefanya nini?" Nikasema nimeungua na pasi. Watu wote wakasema pole. Nikapewa ruhusa ya kwenda nyumbani kupumzika, na mhasibu akanitumia ujumbe kwamba na yeye shangazi yake aliungua hivyo hivyo, nisikate tamaa. Hadi leo nabandika plasta kila ninapokwenda kazini. Ule ni uongo wangu, sikatai, lakini wewe ni mkunga: aliyeuzalisha ni wewe.

5. Hili sikukusudia kuliandika, lakini namba nne haipendezi kumalizia barua.

Tangu tukiwa wadogo, nikitaka kujua gauni limenikaaje sikujitazama kwenye kioo. Nilikutazama wewe. Na huko mtaani sikuwahi kutembea peke yangu. Wanawake walinisimamisha njiani wakanionyesha watoto wanene wakisema, "Mkunga, si ndiye huyu uliyenizalisha!" Nami niliwashika mashavu wale watoto, niliuliza kama wananyonya vizuri, nikaenda zangu nimenyooka mgongo, kama kwamba kweli mikono yangu imewahi kufanya kitu kikubwa kuliko kupiga chapa.

Sasa hakuna anayenisimamisha. Wananipita. Juzi muuza mboga wa pale kwenye kona, anayetufahamu tangu tunaanza kazi, aliniuliza, "Dada yako mkubwa hajambo?" Mkubwa, dada! Nilitaka kumwambia tofauti yetu haitoshi hata kuchemsha chai. Nikasema hajambo. Nikafika nyumbani nikaweka mboga mezani nikakaa, na nilipokumbuka kuzipika zilikuwa zimenyauka.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo kwa heshima zote:

Kwanza, upake. Rangi nitakuletea mwenyewe, na kisogo nitakipaka mimi.

Ikishindikana, ujifunge kitambaa kila unapopita mahali panapoonekana na madirisha ya ofisi yetu. Yako upande mmoja tu, kwa hiyo njia nyingine ni huru.

Ikishindikana na hilo, ukubali kutangazwa kuwa dada mkubwa, uliyezaliwa Mama akiwa bado msichana. Hili nimeshalifikisha kwa Mama kwa simu ili aliunge mkono. Akasema, "Niliwazaa asubuhi moja, nyote mkilia. Siwezi kuihamisha asubuhi yangu kwa ajili ya chupa ya rangi." Nikamwomba alifikirie. Akaniuliza kama nimekula.

Na ikishindikana kabisa, tugawane: wewe upake nusu ya mbele, mimi niiache nusu ya nyuma, ili angalau tukisimama ubavu kwa ubavu watu wapate shida kututofautisha.

Nisalimie shemeji, mwambie ile redio yake bado nakumbuka kuirudisha. Wasalimie wanangu, yaani watoto wako, na yule mdogo mwambie sikio la mama mdogo halijaoza, aache kuwatangazia wenzake. Wasalimie wauguzi wote wa kituoni, mfagizi, na kina mama wote walio kwenye foleni, waliojifungua na wanaongoja.

Ni mimi niliyekufuata duniani, na ninayesita kukufuata zaidi ya hapo,

Pacha wako wa pili,
Katibu Muhtasi.

Nakala: Mama.
Kaka yetu (kwa taarifa tu, asichangie).
Msusi.

Tanbihi:

Barua hii niliamua kuileta kwa mkono, kwa sababu nakala za watu zimeshaondoka na sikutaka ya mwenyewe ichelewe. Nilipofika kituoni niliambiwa uko chumba cha kujifungulia, nikakaa kwenye benchi nje. Nilikuwa nimejifunga kitambaa, kwa kuwa ngozi ya kichwa iligoma kweli kama alivyosema msusi, na ni wiki kadhaa sijapaka. Joto likazidi. Nikakivua nijipepee, mvi zote nje.

Hapo akaingizwa yule binti wa uchungu wa kwanza, ameshikiliwa na mama mkwe. Aliniona, akamwachia mama mkwe akanikamata mimi mkono. "Mama mkunga," akasema, "usiniache." Nikafungua mdomo niseme si mimi. Akanibana kwa kucha nikaona nyota. Basi nikasema yale niliyokusikia ukiyasema: "Pumua, mwanangu. Taratibu. Niko hapa." Akapumua. Nikasema tena, akapumua tena. Mama mkwe akaniuliza kama njia imefunguka vya kutosha. Nikamjibu kwa sauti yako kwamba tutaona.

Ulipotoka umevaa glovu ulimtazama yeye, kisha mimi, kisha kichwa changu. Lakini nadhani hukusikia alichokisema yule binti ulipomchukua mlangoni. Alikugeukia, akanigeukia, akasema, "Kumbe mko wawili," akatabasamu katikati ya maumivu yale, kama mtu aliyeongezewa kitu.

Kwa hiyo namba moja hadi tano zisomwe kama hazikuandikwa. Mama na Msusi nitawapigia mwenyewe. Kesho nakwenda kazini bila plasta, na afisa utumishi nitamwomba sehemu ya pili ya kile kijitabu.

Ule mrija wa dawa ulionipa kwa ajili ya alama za kucha za yule binti nimeufungua. Mkononi nimepaka. Kichwani sipaki tena.