Pasaka Bila Maiti

Jumatano, tarehe 27 Machi
Tumefika kwenye nyumba ya mlimani. Theluji hadi madirishani. Tuko watano: mimi, Babu Asmund, Bibi Borghild, Shangazi Turid na binti yake Sunniva, mwenye miaka kumi na sita na kila kitu ninachokitamani, hasa nyusi. Kama ilivyo desturi ya nchi yetu kila Pasaka, wote wamebeba riwaya za mauaji. Nimezihesabu. Kumi na moja!

Mimi nimebeba kitabu kimoja tu, kile cha msichana anayerithi konokono wa bibi wa posta. Nimekisoma mara nne. Darasani hakuna aliyekisoma hata mara moja. Namtaka mtu mmoja tu duniani wa kuzungumza naye juu ya ukurasa wa 112. Nimemchagua Sunniva. Alikigeuza nyuma, akauliza nani anauawa. Nikasema hakuna. Akanirudishia polepole, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu kwa mama yake.

Alhamisi Kuu, tarehe 28
Nimekiacha chooni. Choo chetu kiko nje na mle ndani hakuna kingine cha kufanya. Mpango safi!

Saa nne Babu akatoka akikisifu. Eti karatasi yake laini. Nilikimbia bila viatu. Ni ukurasa mtupu wa mwisho tu uliokwenda. Mungu ni mwema.

Ijumaa Kuu, tarehe 29
Kabla hawajaamka nimefukia riwaya zote kumi na moja kwenye theluji nyuma ya banda la kuni, kila moja ndani ya mfuko wake wa mkate. Mimi si mshenzi. Maduka yamefungwa. Mtandao haufiki huku.

Walipoamka, msiba! Bibi alikuwa amebakiza kurasa tisa. Alikaa akitazama ukuta. Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mimi ninacho kitabu kimoja. Wote wanne wakageuka.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Watu wanne, kitabu kimoja. Shangazi akasema mkubwa aanze. Sunniva akasema basi yeye atakipata akiwa na mvi. Babu akasema mbona rahisi, akachukua kisu cha mkate, akakikata kitabu changu vipande vinne! Kila mtu kipande chake, kisha wabadilishane. Bibi ameanzia mwisho. Nimekula machungwa matatu ili nisilie.

Jumamosi, tarehe 30
Wanasoma! Lakini wanasoma vibaya. Ukurasa wa 40 bibi wa posta anafariki usingizini, kwa uzee. Shangazi hakubali. Eti hakuna mtu anayekufa hivihivi, tena wiki ya Pasaka. Babu anamshuku mchungaji aliyemzika. Bibi ana hakika konokono walilishwa sumu. Nikaeleza kwamba kitabu kinahusu upweke. Babu akanipigapiga begani: "Ndiyo, mjukuu wangu, na upweke ni sababu tosha ya kuua." Sunniva aliendelea kusoma. Alikuwa amejifunika blanketi hadi puani.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 31
Muuaji hakupatikana. Basi wakageukia kesi nyingine: riwaya zao.

Bibi aliongoza upelelezi akiwa na zile kurasa tisa rohoni. Aliuliza nani alifaidika. Akakagua glavu zangu, akakuta magome ya kuni. Akanitazama. "Tangu uzaliwe hujawahi kwenda bandani bila kuitwa mara tatu." Nilikiri kabla kahawa haijachemka.

Nimechimba saa mbili nzima. Usiku theluji ilikuwa imeongezeka. Nilipata kumi. Ya kumi na moja, ambayo haikuonekana, ni ya Bibi. Babu anasema theluji itayeyuka Mei. Bibi ananitabasamia tu, na hilo ndilo linalonitisha.

Adhabu yangu ni vyombo vyote hadi tuondoke. Nilikuwa nasugua sufuria ya nyama ya kondoo Sunniva alipokuja, akachukua kitambaa, akaanza kukausha. Bila kunitazama akauliza kwa nini ukurasa wa 112 msichana analiacha dirisha wazi, na anajua konokono wanaweza kwenda zao. Nikasema ili wakibaki, wawe wamependa wenyewe. Akasema naye aliwaza hivyohivyo. Kisha akasema ameusoma ule ukurasa mara mbili, na nikimwambia mama yake kwamba alilia atanizamisha humuhumu kwenye beseni.

Tulizungumza hadi maji yakapoa. Tukachemsha mengine.

Jumanne, tarehe 2 Aprili
Shule imefunguliwa. Nimetafakari kwa makini yote yaliyotokea. Hitimisho: mbinu yangu inafanya kazi.

Darasani tuko ishirini na wawili. Kila asubuhi simu zote hufungiwa kabatini, na Mwalimu Gaute huacha ufunguo mezani anapokwenda kunywa kahawa. Zikipotea hadi Ijumaa tu, watasoma nini? Tena yeye hufundisha hisabati, hasomi riwaya za mauaji. Hatashuku mtu.