Mashine Tatu Zenye Jina la Amir

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Ndoa yangu ina siku kumi na tisa. Mimi niko Jinja, Nalufenya. Amir wangu, asali wangu, yuko Mbale, Malukhu, anatengeneza friji za watu. Nani alipanga dunia hivi? Nina hasira tangu alfajiri.

Lakini kuna habari. Kampuni inafungua ofisi Mbale, na nafasi ni moja. Afande Nicanor, mkubwa wetu, aliyetoka jeshini na bado anatutazama kama makuruti, amesema ataipata mwenye orodha safi kufikia Ijumaa. Ouma anatunza orodha ya wateja. Mimi natunza ya mashine za wingu, zile kompyuta za mbali tunazokodi. Tuna mashine ishirini na tatu. Hifadhidata yangu inasema mia nne na kumi na mbili.

Ouma akauliza kama zimeanza kuzaana. Simpendi Ouma.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeliona kosa. Kila saa programu yangu inasoma mashine zilizopo na kuziandika zote upya, chini ya zile za zamani.

Ouma, bila kuulizwa, akasema kila mashine ina namba yake isiyobadilika. Tafuta namba kwanza. Ikiwepo, sahihisha mstari uleule. Isipokuwepo, ndipo uongeze. Akasema, bibi harusi, hata askari wa getini anajua hilo.

Namba zenyewe ni ndefu na zimekauka, hazina mapenzi. Nitatumia majina. Kila mashine niliipa jina mwenyewe.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimezima programu na kufuta kila rekodi iliyorudia jina. Safi! Nikamwandikia Amir atafute kabati kubwa, nahamia.

Nikahesabu. Ishirini na moja.

Kumbe mashine tatu nilizipa jina la Amir, na mbili zimefutika orodhani. Je, ni kosa langu kwamba hakuna jina zuri kama hilo? Nimeacha hivyohivyo. Afande hatahesabu.

Alhamisi, 9 Oktoba, sikukuu ya Uhuru

Nimeshinda Malukhu. Amir kanipikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga. Nilimtukana Ouma saa nzima, naye akakubali kila neno. Huyu ndiye mume. Kabati limeshafika ila halipiti mlangoni. Nimemkasirikia fundi aliyejenga mlango.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hakuna aliyeniambia kwamba mashine isiyo kwenye orodha huhesabiwa mzururaji na kuzimwa Ijumaa asubuhi. (Ouma anasema liliandikwa ukutani, juu ya meza yangu.) Akina Amir wawili wamezimwa. Mmoja alikuwa anapokea vipimo vya mizani ya wakulima wa Nakaloke. Wakulima wamesimama na magunia yao, mizani haijibu, wote wanampigia afande.

Afande akaniita. Nikasimama wima bila kuambiwa. Akauliza kwa nini mashine tatu zina jina moja. Nikamweleza habari za mapenzi. Akasema kwamba kikosini kwake walikuwepo akina Ojok wanne, na hakuna aliyewahi kufungwa kwa kosa la mwenzake, maana kila askari ana namba.

Mbale anakwenda Ouma. Ouma! Mbale hana hata shangazi. Nimelia chooni, kisha nikatoka nikiwa na hasira zaidi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Imetangazwa nafasi ya pili Mbale. Mungu anawapenda waliooana.

Maombi ni ya kujaza kwenye kompyuta. Nikajaza jina langu, Zahara, nikatuma. Skrini kimya. Nikatuma tena. Kimya. Nikatuma kama Zahara wa baba yangu, halafu kama Zahara wa Amir, halafu kwa majina yote mawili, kwa heshima ya pande zote. Ouma akichungulia begani akasema afande atapata maombi matano ya mtu mmoja. Nikamwambia akafunge mizigo yake.

Akina Zahara watano wanaitaka Mbale. Afande atakosaje kumchagua mmoja? Fomu ilidai pia namba ya mfanyakazi. Nimeiacha wazi. Afande ananijua kwa jina.