Mataya Mawili ya Mzee Hec

Jumatatu, 4 Machi
Daktari Szabo ametangaza: Ijumaa atachagua msimamizi wa kliniki yetu ya meno. Ni mimi wa mapokezi, au Bronte, msaidizi wake. Miaka tisa napokea simu za mji mzima wa Mildura! Cheo ni changu. Ila Bronte ana rafu yake ya sanamu za meno, na daktari huzishika kama mayai. Mgonjwa anang'ata udongo laini wa rangi ya waridi, Bronte anamimina plasta, meno yanatoka meupe. Yana nini hasa? Nimeyatazama saa nzima ya chakula.

Mzee Hec Rudd amepita, anacheka mdomo wazi. Miaka themanini na mbili, meno ya chini yamenyooka kama ya tangazo! Nikamwuliza siri. Akasema ni glasi ya maji kila usiku, bwana mdogo. Naanza leo.

Jumanne, 5 Machi
Nimemdodosa Bronte. Kumbe sanamu ziko za aina mbili! Ya kusomea, daktari huigeuzageuza kuyachunguza meno kabla hajagusa mdomo, na bima hulipa kila taya peke yake. Ya kutengenezea kitu, kama kofia ya kufunika jino bovu, haidaiwi bima. Imo ndani ya bei ya kofia. "Ukinunua pai, Lindsay, unalipia na trei?" Sikuwahi kuliwaza hilo. Ajabu!

Halafu nikaona: Hec ana sanamu ya kusomea ya taya la juu tu. Imedaiwa moja. Moja! Kila binadamu ana mataya mawili. Bronte kasahau la chini! Nimelituma dai la pili kimyakimya. Ijumaa daktari atajua nani ana macho.

Jumatano, 6 Machi
Bima wamepiga. Mama mmoja, sauti tamu, anaomba picha ya sanamu ya chini. Nikamwambia haina shida. Shida ni kwamba haipo. Nimepekua rafu, kabati, hata friji nyuma ya keki za Bronte. Hec mwenyewe yuko Swan Hill kwa wajukuu. Jasho!

Alhamisi, 7 Machi
Wenzangu wametoka kula. Nimechanganya udongo, nikaujaza kwenye trei ya mdomo, nikang'ata mwenyewe. Jino ni jino, nani atajua? Nusura nitapike. Simu ikalia nikiwa na trei mdomoni. Aliyepiga sijui nimemwandikia miadi ya lini. Lakini plasta imetoka safi! Meno kumi na manne, mazuri kuliko nilivyodhani. Nikaandika "H. Rudd" kwa penseli. Picha. Tuma.

Ijumaa, 8 Machi
Mama wa bima hakunitaka mimi. Alimtaka daktari. Faili lao linasema Hec hana hata jino moja la chini tangu 1987. Yale meno ni ya bandia! Huyaloweka kwenye glasi ya maji! Na mimi nimekunywa glasi nne wiki hii.

Daktari aliigeuza sanamu mara moja tu. "Jino hili nililiziba mimi, Lindsay. Ni lako." Bronte alicheka mpaka akakaa sakafuni. Dai limefutwa, barua ya kuomba radhi nimeiandika mbele yao, na cheo kapewa Bronte. Imeniuma sana. Nilikuwa nimeshamwambia mama yangu kwamba nimekipata.

Daktari alikuwa bado anaitazama ile sanamu. Akasema meno yangu yamelika, nayasaga usingizini, nitahitaji kifaa cha kuvaa nikilala. Kifaa hicho hutengenezwa juu ya sanamu, kama kofia ya jino.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamka na wazo. Sanamu si ninayo? Nimeimimina kwa mkono wangu, ni kufuta jina la Hec tu. Na bima ninayo! Nimejaza fomu nikinywa chai. Penye idadi ya sanamu za kusomea nimeandika mbili. La juu bado, lakini Jumatatu ni sikukuu, kliniki haina mtu, na ufunguo hawajaninyang'anya. Kila binadamu ana mataya mawili.