Safari ya Dizeli Hadi Lango la Mgodi wa Penhelyg

Mheshimiwa Meya wa bonde letu la Cwm Helyg hapa Wales, pamoja na mkufu wako wa cheo, Waheshimiwa Madiwani, mlio macho na mliosinzia, Mchungaji, Mama Mwenyekiti wa Kwaya, wastaafu na wajane wa mgodi, na nyinyi mashabiki wa reli mliotoka mbali na madaftari yenu na chupa zenu za chai: itifaki imezingatiwa, na niliyemsahau ajihesabu kuwa amesalimiwa. (Makofi ya wastani. Bi Gwenda, binti yake Mzee Idris, anapitisha sahani ya keki.)

Mimi, Diwani Gwilym Probert, Mwenyekiti wa Kamati Jumuishi ya Ufufuaji Endelevu wa Reli ya Mgodi, nasimama katika ukumbi huu wa wachimba makaa kutoa taarifa ya mradi wetu wa kimkakati, ambao kwa mujibu wa upembuzi yakinifu, uchakataji wa maoni ya wadau na ziara zangu tatu za mafunzo huko Uswisi, umefikia asilimia themanini na saba ya kufikiriwa. (Sauti ya nyuma: "Ya kufikiriwa?") Ndiyo, ya kufikiriwa, na sijui nani mwingine bondeni humu angeweza kufikiri kiasi hicho peke yake.

Dira yetu ni ile ile: injini kuukuu ya dizeli, ile ya mngurumo wa kutetemesha vikombe kabatini, itavuta mabehewa manane ya watalii kutoka stesheni hadi mwisho kabisa wa reli, langoni mwa mgodi uliofungwa wa Penhelyg. Nasema mwisho kabisa kwa sababu nawajua nyinyi wenye madaftari: treni ikisimama mita kumi kabla ya mwisho, mnakataa kuipaka njia rangi nyekundu kwenye ramani zenu, mnasema hamkufika, na mwaka unaofuata mnarudi. (Kicheko. "Hapo umesema kweli.")

Mzee wetu Idris Pugh, miaka themanini na saba, aliyeendesha treni ya mwisho ya makaa, nimemtengea kiti cha mbele. Mnajua wote kwamba kaka yake, Elwyn, alibaki chini mgodini mle na hakutolewa. Mzee hana ombi jingine ila kupita njia ile mara moja, afike langoni, avue kofia. Miguu imekataa, barabara hakuna, na daktari ameshamwambia asipange mambo ya mbali. (Mzee Idris anasimama kwa fimbo: "Gwilym, Jumamosi tatu nimekaa stesheni na kofia yangu. Treni iko wapi, kijana?")

Swali zuri, Mzee wangu, na linadhihirisha ushirikishwaji wa jamii. Jumamosi zako hizo tumeziingiza kwenye taarifa kama abiria watatu, kwani kitaalamu kusubiri ni awamu ya kwanza ya safari. (Shabiki mmoja, kalamu mkononi: "Injini namba ngapi?") Itatangazwa kwa wakati mwafaka. ("Na mbona jana kwenye njia yake nimekuta vichaka tu?") Vichaka ni mazingira, bwana, na mazingira ni nguzo ya mradi, tusipotoshane.

Sasa tuitikie pamoja. Reli ni uhai! ("Iko wapi?") Dizeli kwa maendeleo! ("Iko wapi?") Cwm Helyg mbele! (Meya, peke yake: "Mbele.")

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru aliyechora bango la kuning'iniza mbele ya injini. Limependeza sana sebuleni kwangu. Kwa namna ya pekee naishukuru kampuni ya vyuma chakavu ambayo mwaka juzi, kabla hata kamati haijaundwa, iling'oa reli yote kwa siku nne na kuniachia mataruma ya mbao yaliyolaliwa na reli, nikajengea ngazi za bustani. Kwa hiyo Mzee Idris asiseme hakufika. Kiangazi cha mwaka jana alipokuja kwangu kunywa chai alipanda ngazi zote kumi na mbili, na taruma la ile ya juu lilitoka langoni mwa mgodi. Wenye madaftari, pakeni nyekundu. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Mzee Idris anavaa kofia yake. "Gwenda, nipeleke kwa huyu. Nikafike ile ngazi ya juu, nivue kofia.")